Mzee wa Theluji Alisema Nini?

Benchi letu liko Kitale, nyuma ya steji, kati ya duka la dawa za mifugo na kibanda cha fundi viatu aliyehamia Suam bila kuaga mtu. Mimi Pauline ndiye ninayelitunza, kwa kahawa ya tangawizi na mandazi yakiwepo. Miaka tisa nimewamiminia wanaume hawa kahawa, na miaka tisa nimewasikia wakimaliza shida za dunia kabla ya saa nne asubuhi, halafu wanarudi nyumbani kuulizwa unga uko wapi. Nimechoka nao, na wengine sina. Wiki hii ndiyo wamenimaliza kabisa, kwa sababu ya filamu.

Filamu yenyewe ilionyeshwa na Jairus. Ana nyumba ya mabati kwenye barabara iendayo Kwanza, na kila Jumapili watu wakitoka kanisani wanajaa humo. Yeye hukaa kando ya televisheni na maikrofoni yake, akitafsiri. Mchina akipiga kelele, Jairus anatuambia kwa Kiswahili amesema nini. Mzungu akimtongoza mwanamke, Jairus ndiye anayetongoza. Ukimsikiliza yeye, dunia nzima inatoka Bungoma. Jumapili hiyo tulingoja vita kama kawaida, lakini kwenye flash alikuwa amejaziwa kitu kingine. Mzee, theluji, ng'ombe mmoja. Mtoto wa mzee anarudi baada ya miaka mingi, wanakaa mezani, kuna supu. Mzee anasema maneno machache, kijana analia, basi, imeisha. Hakuna hata kofi. Na watu hawakuinuka. Hata mimi nilikaa hapo nikitazama kioo cheusi, na usiku huo sikulala vizuri.

Leo ni Alhamisi, na wao bado wako mezani na yule mzee.

— Nimefikiria tena, alianza Dokta kabla sijafungua thermosi. Huyu ni Sifuna wa duka la dawa za mifugo. Aliwahi kuchanja ng'ombe wa padri, na tangu siku hiyo haitiki ukimwita Sifuna. — Yule mzee alikuwa amekufa kitambo.

— Amekufa na anaongea? aliuliza Breki. Huyu ni Kim, wa bodaboda, na jina alilipata kwa sababu ya kitu ambacho pikipiki yake haina.

— Wewe uriona akigusa supu? Mimi niriangaria. Kijiko hakuinua. Maiti hari.

Dokta akishapandwa na hoja, l zake zote zinageuka r. Hapo ujue hutamnyamazisha.

— Buda, hiyo supu ilikuwa na sumu, Breki alisema. Ndio maana mzee hakugusa. Kijana anarudi kuuliza shamba, anawekewa kitu.

— Na kijana arikunywa. Mbona hakufa?

— Si filamu iliisha! Ungengoja dakika mbili. Unafikiria alikuwa analia nini? Tumbo imeanza, bana.

— Breki, wewe hata ukioneshwa harusi utaona sumu.

— Na mama yake alikuwa wapi? Nyumba nzima, picha ya mama hakuna. Nani alipika hiyo supu? Uliza hiyo.

Dokta alivuta kahawa taratibu. Nikajua balaa inakuja.

— Ng'ombe, alisema.

— Ng'ombe ndio alipika?

— Ng'ombe ndiye mama. Mimi nimekaa na ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe akisikia watu anaenderea kutafuna. Ire irikuwa imesimamisha mdomo. Irikuwa inasikiriza, Breki! Irikuwa inamsikiriza mwanawe!

— Manze, Dokta, hiyo dawa ya kupe uwe unaivalia glavu.

Nilicheka, lakini cheko la kuchoka. Jairus hakucheka. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kofia imefunika macho, na tangu Jumapili alikuwa hivyo. Mtu aliyeleta filamu ndiye pekee asiyetaka kuizungumzia. Mwingine aliyenyamaza alikuwa Nderitu. Huyu ni mzee wa mahindi, ana shamba huko Kwanza. Kwao ni Nyeri ingawa Nyeri haimjui tena. Kikombe chake kilikuwa kimepoa mkononi na utando umefanyika juu.

— Mimi nilimpigia Ngige, alisema.

Breki alikuwa ameshafungua mdomo kutetea sumu yake. Aliufunga.

Hapa kila mtu anajua habari ya Ngige. Ni kijana wa Nderitu, kitinda mimba. Miaka minne iliyopita alimwomba babake ekari moja, akaacha mahindi, akapanda avokado. Alibeba maji kwa ndoo msimu mzima wa kiangazi, mche kwa mche. Siku moja alipokuwa ameenda Kimilili, Nderitu aliingia na trekta ya kukodi, akailima ile ekari yote, akapanda mahindi, kwa kuwa babake yeye Nderitu alipanda mahindi. Ngige alirudi jioni akasimama kidogo tu kwenye ua. Hakugombana. Alichukua begi akaenda Bungoma, na huko yuko mpaka leo, fundi wa kuchomelea mageti. Mwaka huohuo mahindi yalioza ghalani kwa mvua. Nderitu hajawahi kutaja neno avokado mbele yetu.

— Ulimpigia lini? nilimuuliza.

— Jana. Nilimwambia aje leo, anitafute hapa kwa Pauline. Nikamwambia mambo mengine hayasemwi kwa simu.

Tulikubaliana naye. Hayasemwi.

— Yeye akasema nini?

— Alikaa kimya, halafu akasema anakuja.

Nderitu aliweka kikombe chini, akamgeukia Jairus. Nimemjua mzee huyu miaka mingi na sijawahi kumwona akimwomba mtu kitu.

— Jairus, ndugu yangu. Yale maneno ya yule mzee, nikumbushe. Alianza na "mwanangu", ama alianza na "nilikosa"?

— Sikumbuki, mzee.

— Kumbuka. Mimi tangu Jumapili nayarudia kichwani na kila siku yanatoka tofauti. Nataka kusema vile alisema yeye. Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mtoto wangu nimekosa, na babangu hakuwahi kuniambia. Sijui mtu anaanzia wapi.

Jairus alivua kofia. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

— Mzee, ile lugha mimi siijui.

— Lugha gani?

— Ya ile filamu. Hata sijui ni ya nchi gani. Yale maneno nilitunga.

— Ulitunga aje? Dokta aliruka. Si wewe huwa unatafsiri?

— Natafsiri aje, Dokta? Natazama mdomo ukicheza, nasema kitu.

— Na Kichina?

— Na Kichina.

— Miaka yote hii? Breki alishika kichwa. Uongo mbaya! Mimi nimelilia wasee wa Kichina!

— Sasa mimi ningesomea Kichina wapi, Kimilili? Jairus alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. Hizo zingine ni ngumi tu, mtu anaelewa. Hii haikuwa na ngumi. Mzee akafungua mdomo, watu wote wamenyamaza, ndio nikasema kitu chenye kilinijia. Sijui kilitoka wapi. Mimi mwenyewe nilishtuka.

— Kwa hivyo hakuomba msamaha, Nderitu alisema.

— Sijui, mzee. Anaweza kuwa alisema hivyo. Anaweza kuwa alisema supu haina chumvi.

— Na kijana alilia kwa sababu ya chumvi?

Dokta, kwa kutaka kusaidia, alianza kueleza kwamba kwa maiti chumvi ni jambo kubwa sana, nikamwangalia, akaacha.

— Mzee, nilisema, hata kama ni ya Jairus, si yalikuwa maneno mazuri? Yaseme tu.

Nderitu alitikisa kichwa.

— Pauline, wewe hunielewi. Sikupiga simu kwa sababu yalikuwa mazuri. Nilipiga kwa sababu nilijua kuna mzee mahali, mzee kama mimi, mwenye shamba na ng'ombe, alisema mbele ya mtoto wake kwamba amekosa, na hakufa. Sasa mnaniambia huyo mzee hayuko. Mimi ndio wa kwanza.

Nilimwonea huruma. Nilitaka kumwambia wako wengi, lakini nilijaribu kumkumbuka hata mmoja, babangu, babu, mume wangu marehemu, nikakosa. Nikachukua kitambaa nikafuta benchi mahali palipokuwa safi.

Hapo ndipo Breki aliposema, — Si yule?

Ngige alikuwa anakuja kutoka upande wa steji, anatembea haraka haraka bila kutazama magari. Amekuwa mtu mzima. Mikono imejaa alama za moto wa kuchomelea, na alikuwa amevaa koti jeusi jua hilo lote. Chini ya kwapa alibana mzigo uliofungwa kwa karatasi ya kaki. Alifika akasimama mbele ya babake, akashindwa kupumua vizuri. Hakutusalimu, na kwao wamelelewa kusalimu.

— Baba, alisema. Nani amekufa?

Tulitazamana.

— Niambie tu. Ni mama? Simu yake imezimwa tangu juzi. Nimempigia njia nzima. Ni mama?

— Simu iliingia maji, Nderitu alisema kwa sauti ndogo. Mamako yuko nyumbani, anapalilia. Hakuna mtu amekufa.

Ngige alifunga macho. Alishika nguzo ya kibanda cha fundi viatu, akakaa hivyo, kisha akafungua macho na yalikuwa yamejaa machozi na hasira pamoja.

— Hakuna mtu amekufa?

— Hakuna.

— Miaka minne hujanipigia. Unanipigia jana, unasema njoo, mambo mengine hayasemwi kwa simu. Nimefunga kazi ya watu. Nimekaa usiku kucha nikijiuliza nitamzika nani. Sasa, baba, uliniitia nini?

Nderitu alimtazama Jairus. Jairus, aliyewasemea wafalme na majambazi wa nchi asizozijua, alitazama viatu vyake. Breki alikuwa anachezea funguo za pikipiki. Nilishika thermosi nimmiminie kijana kahawa, yakatoka matone mawili na unga wa tangawizi.

Nderitu aliinuka, goti moja kwanza, halafu la pili. Alinyoosha mikono akaupokea ule mzigo wa kaki. Karatasi ilikuwa imepasuka pembeni na niliona ndani sukari, majani ya chai na blanketi jipya, vitu ambavyo mtu hupeleka matangani. Aliushika kifuani kwa mikono miwili, midomo ikamcheza bila sauti, na Ngige akabaki amesimama pale, anamwangalia mdomo.