Mama Mawe Afika Sura ya Uhuru

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha historia katika shule hii, Mama Mawe anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu ya kikapu chake cha mawe ya kale yaliyochongwa. Mimi, mwalimu wa hesabu niliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi na tisa, nimejikwaa kwenye kikapu hicho mara ambazo hata hesabu yangu imeshindwa nazo.

Kasoro yake tunaijua sote: hakuwa akifika uhuru. Kitabu cha historia kina sura kumi na mbili. Kinaanza na watu wa kwanza wa nchi yetu na kuishia siku bendera ilipopandishwa, naye kila mwaka muhula ulimwishia njiani. Wawindaji wa kale peke yao aliwapa wiki sita! Mwaka mmoja aliwaambia wanafunzi wachore wanyama kwa mkaa kama watu wale, nao wakachora ukuta mzima wa choo. Mwalimu mkuu alikuja juu, lakini swala mmoja bado yupo, nyuma ya mlango.

Akifika kwa wakoloni, mwendo ulipungua zaidi. Mkaguzi alipotaka kujua uhuru utafundishwa lini, alimjibu kwa upole kwamba hata wananchi wenyewe waliungoja miaka mingi. Mkaguzi alicheka, na onyo akaliandika vilevile. Sura ya mwisho Mama Mawe aliwaachia wanafunzi wakaulize nyumbani, na ajabu ni kwamba kwenye mtihani maswali ya uhuru ndiyo waliyoyapata vizuri kuliko yote. Sisi tukadhani ni mbinu yake.

Mwezi uliopita nilimtania kwamba atastaafu bado yuko chini ya mkoloni. Hakucheka. Aliniambia, huku akipanga madaftari, kwamba sura ile humshinda. Baba yake alichukuliwa kwa nguvu na wakoloni kwenda kujenga barabara, yeye akiwa mchanga. Siku ya uhuru alikuwa na miaka sita. Mtaa mzima ulikwenda uwanjani kushangilia, lakini mama yake alifagia ua, akaketi mlangoni kumsubiri mumewe, maana ilisemekana waliochukuliwa watarudi. Aliketi hapo mpaka giza likaingia. Jamani, niliujutia ulimi wangu.

Nikampa vipindi vyangu vinne. Mwalimu wa michezo naye akatoa viwili, shingo upande. Alhamisi iliyopita, akafika. Nilikaa dawati la nyuma, magoti yakinigusa kidevu. Alieleza bendera, nyimbo na vigelegele, kisha akafunga kitabu, akaeleza ule ua uliofagiliwa. Msichana mmoja akauliza kama baba alirudi. Akasema hapana, lakini mama yake aliendelea kuufagia kila Jumamosi. Sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye niliyetafuta leso. Kengele ililia, na hakuna aliyenyanyuka.

Dada yetu, asante kwa yote, na kwa kutuvumilia na utani wetu. Mungu akupe siku nyingi zenye afya, wajukuu wa kuwasimulia wawindaji wako hata wiki sita wakitaka, na asubuhi zisizo na kengele. Kikapu tuachie hapohapo chini ya meza, niendelee kujikwaa. Na vile vipindi vyangu vinne, usinirudishie.