Arvella Mabry na Mashujaa Thelathini

Ndugu waombolezaji, wadogo zangu wamenipa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu, Arvella Mabry, nami Corinne, kifungua mimba wake, nitayasoma yalivyokuwa, anayetaka kukasirika akakasirikie nje.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1921 hapa Pickett Bend, Alabama, akasoma hadi darasa la sita, kwa kuwa shule ya weusi iliishia hapo, na mwaka 1936 akaanza kufua na kupiga pasi nguo za wazungu. Mwaka 1941 alifunga ndoa na Hosea Mabry, mpasua mbao, na baada ya kusubiri miaka tisa wakajaliwa watoto watatu.

Ndani ya mafurushi ya nguo zilikuwemo kanzu nyeupe na kofia za ncha za Klan, genge lililochoma nyumba zetu na kujiita taifa teule, na wateule hao walishindwa kufua hata soksi zao. Mama alizifua kwa sababu tulihitaji kula, na katika kuzinyoosha akajua kila kiraka ni cha nani.

Jumamosi tarehe 28 Agosti 1965, siku mbili kabla sijawa mtoto mweusi wa kwanza kuingia shule ya wazungu, walifika thelathini nyumbani kwetu, nyuso zimefunikwa, wakitaka jina langu lifutwe. Uso umeumbwa na haya, labda ndiyo maana waliuficha. Baba alinishika mkono tukimbie, lakini mama alitoka kibarazani akaanza kuwaamkia: "Bwana Royce wa duka la dawa, goti halijambo? Bwana Dewitt, mwambie mkeo lile doa la mchuzi limegoma! Na wewe mchungaji Lyle, kesho unawahubiria nini?" Majirani wakaangua kicheko, mashujaa wakaondoka mmoja mmoja, wengine mbio, na Jumatatu nikaingia darasani. Mama alinyimwa kazi mwaka mzima, kisha wakarudi na mashati yao, kanzu hawakuleta tena.

Kisukari kilimwanza mwaka 1991, na Jumanne tarehe 6 Oktoba 1998 alifariki kitandani kwake, akiwa na miaka 77. Tunawashukuru madaktari, majirani waliopika na kukesha, na wafuaji wenzake mliomwosha kwa mikono yenu.

Keshokutwa Jumatatu nitakuwa kazini, maana mwalimu mkuu wa shule ile sasa ni mimi, na wajukuu wa wale thelathini watakuwa mlangoni wakisubiri niwafungulie.

Pumzika, mama, kazi yako imeonekana.