Maisha ya Emérence Masika na Bata Bukini Wake wa Kasubi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Benedicte Kahindo, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa karatasi hii nimeiandika mwenyewe, mkisikia neno limezidi, lawama ni yangu.

Emérence Masika alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 mjini Butembo, Kongo, wa kwanza kati yetu watatu, akamaliza sekondari hukohuko mwaka 1990, akafundisha shule ya msingi, na wazazi wetu walipofariki akamlea kitinda mimba wetu Anselme, akamsomesha kabla hajajinunulia hata viatu. Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na Josias Paluku, aliyetutangulia mwaka 2016, wakajaliwa Exaucée na Guerschom, na mwaka 2009 vita viliwaleta Kampala.

Mwaka 2013, hapa Kasubi, alianza kufuga bata bukini kwa vifaranga sita, vinne vikafa kwa baridi katika mvua za Aprili, akalia kama aliyefiwa, kisha akanunua kipimajoto na kujifunza kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi thelathini na mbili, kwamba kila wiki unampunguzia kidogo, na kwamba akishaota manyoya adui yake ni joto, maana bata bukini aliyezidiwa hutweta mdomo wazi, huacha kula, hakui, na mwisho huanguka. Ndiyo sababu alitandaza nyasi juu ya mabati ya banda, akawajazia maji kila asubuhi, na jua likipanda akawatoa bandani na kuwapeleka kivulini, na ninyi mliomcheka kwamba anawapima bata homa, mlikuja baadaye kununua kwake.

Tarehe 20 Januari 2025 alilazwa kwa ugonjwa wa figo, akamkabidhi Anselme bata hamsini na wanane, na kila siku saa nane mchana alimpigia simu kuuliza kipimajoto kinasemaje, naye akajibu, "Iko ishirini na tatu, dada, iko sawa tu." Dada alikuwa Kampala hiihii, kitanda chake dirishani, shuka limelowa jasho kwa joto la mchana, akaona hesabu hiyo haiingii akilini, na tarehe 6 Februari akanituma Kasubi, nikakuta banda limefungwa kwa kufuli, beseni kavu, bata arobaini na tisa wamekufa na tisa wanatweta, na Anselme yuko Kabalagala, ng'ambo ya jiji, kwenye duka lake la simu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimweleza dada yote, lakini kesho yake alimpigia tena, na siku zilizofuata pia, ili mtoto aliyemlea apate nafasi ya kusema kweli, na kila siku jibu lilikuwa ishirini na tatu. Tarehe 2 Machi hakupiga, na tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, alifariki.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi Akullo, wanakwaya, wafugaji wenzake wa Kamwokya, na jirani Abwola anayewatunza wale tisa.

Anselme, dada aliacha neno kwamba hao tisa ni wako, mimi nilipinga, naam, nilipinga kwa hasira, akasema usipopewa kitu cha kutunza hutajifunza kamwe, basi wachukue leo, mbele ya watu hawa.

Dada Emérence, umeuliza vya kutosha. Pumzika kwa amani.