Bibi Yetu na Taswira za Watu Asiowajua

Marehemu bibi yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi saa na mkunga. Nyumbani walimwita Mdadisi, jina ambalo sasa nimeachiwa mimi.

Alihitimu saikolojia chuo kikuu mwaka 1975, akaajiriwa polisi, chumba kidogo juu ya gereji. Kazi yake ilikuwa kusoma mahali pa tukio na kuchora kwa maneno taswira ya mhalifu: umri wake, mazoea yake, anakoishi. Wapelelezi waliokuwa wakihangaika mji mzima wakawa wanaanzia mitaa miwili mitatu.

Mwaka 1980 aliolewa na babu, dereva wa zimamoto. Siku moja, nikiwa mtoto kwao, asali iliisha kabatini. Bibi akakagua, akasema, “Alama ziko rafu ya chini. Ni mfupi, tena ana haraka.” Wote wakanigeukia.

“Mimi asali siipendi,” nikasema.

Babu akakohoa. “Mwenzenu nilipiga magoti nisionekane.”

Bibi aliniomba radhi. “Taswira inakuonyesha pa kuanzia, mjukuu wangu. Haikwambii ni nani.”

Hilo alishalisema mahali pazito zaidi. Mwaka 1994 maghala yalichomwa moto. Taswira yake ilisema kijana, mpweke, mkazi wa jirani, aliyezoea moto kazini. Akakamatwa fundi wa kuchomelea, kafanana nayo yote. Bibi akauliza ushahidi uko wapi.

“Mama, si maneno yako haya?” mkuu wake akamjia juu.

“Ni yangu. Hayatoshi kumfunga mtu.”

Alikwenda kuyasema hayo mahakamani, akijua anachezea kibarua chake. Kijana akaachiwa. Baadaye alinaswa mhasibu wa maghala yale yale, baba wa watoto watano. Katika taswira nzima, mtaa tu ndio uliolingana. Bibi alihamishiwa kufundisha hadi alipostaafu mwaka 2011, na kila kundi jipya alilianzishia somo kwa taswira ile iliyokosea.

Aliugua figo tangu mwaka 2022. Wodini alininong’oneza, “Daktari huyu hajalala, msimchoshe.” Nikamwuliza kajuaje. “Nakisia tu. Kamwulize mwenyewe.” Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa babu.

Ameacha mume, wajukuu saba na watoto wanne. Aliowazaa ni watatu. Wa nne ni fundi wa kuchomelea, yule pale karibu na geti, aliyemwita mama miaka yote hii.

Sogea mbele, mjomba, ukae na wenzako.

Bibi, lala salama.