Ghorofa la Watu pale Endasak

Pale Endasak, njia ya mnadani inapoachana na barabara kubwa, kuna benchi la Paskalina muuza kahawa, na anayelikalia bila kubishana huyo anaumwa. Wiki hii ubishi umeletwa na Mwalimu Nikolausi. Amepata kitabu cha hadithi fupi za mji mmoja wa kale wa Wakatalunya, watu wa huko Hispania wenye lugha yao na mambo yao, na kila jioni anawasimulia moja. Juzi yalikuwa majitu ya mbao na nguo yanayocheza mitaani. Jana ilikuwa siku ya watu kupeana vitabu na maua ya waridi, hadi Hermani akatokwa machozi akasingizia moshi. Vicent wa bodaboda hakosi hata moja, ila anasikilizia juu ya pikipiki yake. Amepeleka posa kwa Rahel, binti wa Mzee Sulle, na jibu bado. Kijana mwenye posa hakai benchi moja na baba wa binti wakagongana magoti; hapo ndipo adabu yake inapoangaliwa.

— Leo wanajenga ghorofa la watu, Mwalimu alianza. Mmoja anasimama mabegani mwa mwenzake, mwingine juu yake, hivyo hivyo mpaka usawa wa madirisha ya juu. Mwisho anapanda binti mdogo, anainua mkono, uwanja mzima unalia kwa furaha.

— Hiyo kamba, Mwalimu, unatudanganya! Hermani aliruka. Kijiweni wanamwita Satelaiti, kwa kuwa anajua ya dunia nzima. Wanafungwa waya hao, akaendelea. Waya mwembamba, hauonekani.

— Waya wa nini? alidakia Joakimu, muuza dawa za mifugo na mshenga wa Vicent. Wanakunywa kitu. Kuna dawa ninayo dukani, ukimpa ndama anapanda ukuta.

— Mbona ng'ombe wako hawapandi?

— Nawahurumia!

— Basi sikilizeni, Hermani akapandisha sauti. Kwenye baridi kali mtu anazaliwa na mabega ya mpira. Ukimkanyaga anabonyea, ukishuka anarudi.

Paskalina alicheka hadi akamwaga kahawa. Mzee Sulle, fundi wa kujenga nyumba, aliweka kikombe chini.

— Mwalimu, chini wako wangapi?

— Mtaa mzima, mzee. Kifua cha huyu kwenye mgongo wa yule, mikono mbele, wanabanana. Kwenye hadithi kuna muuza mikate, hasemeshani na kaka yake tangu baba yao afe. Siku hiyo anajikuta nyuma ya kaka, anamsukumia mgongo asianguke. Hawajapatana. Ila hamwachii.



— Huo ni msingi, alisema Mzee Sulle akisimama. Inawezekana kabisa. Njooni niwaonyeshe!

Kijiwe kililipuka. Mwalimu alieleza kwamba wenyewe hujifunga kitambaa kirefu kiunoni ili anayepanda apate pa kukanyaga, na Paskalina akavua kanga ya begani akamfunga mzee. Wapita njia wakajazana, wanasukumana migongo huku wakicheka. Hermani akapiga zumari kwa mdomo, maana Mwalimu alisema bila zumari ghorofa halipandi.

— Sasa nani anapanda?

Joakimu ana tumbo. Mwalimu ana goti. Macho yote yakaenda kwenye pikipiki.

— Vicent, we ndo mwepesi! Vua viatu!

Vicent alitamani ardhi ipasuke. Kumkanyaga Mzee Sulle! Kwa unyayo, begani, mbele ya watu! Akipanda, kesho itasemwa alimkanyaga mkwe kabla hajawa mkwe. Akikataa, amemkatalia mzee hadharani. Alimtazama mshenga wake, na mshenga akatazama kahawa.

— Shikamoo, mzee, alisema, ingawa walishaamkiana asubuhi.

— Marahaba. Panda.

— Mzee, mimi naona...

— Panda, kijana! Msingi unachoka!

Alivua viatu, akafuta nyayo kwenye suruali mara mbili. Akakanyaga kanga, kisha bega moja, kisha la pili, taratibu. Akanyooka. Aliona mabati yote ya Endasak na watu wanammiminikia kutoka sokoni, na furaha ikamjaa ghafla hadi akasahau woga. Akainua mkono. Watu wakapiga vigelegele!

Hapo akatokea Perpetua, nesi mpya aliyehamishiwa zahanati juzi tu kutoka Tabora.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, sauti zikatoka katikati ya migongo.

— Samahani, baba, nauliza tu. Huyo uliyembeba ni nani wako?

Zumari likakatika. Joakimu alikohoa bila kikohozi. Hermani, anayejua ya dunia nzima, alitazama kandambili zake. Huko juu Vicent akayumba. Akahisi mikono ya mzee, migumu kwa saruji, ikimkamata vifundo vyote viwili na kukaza.

— Mkwe wangu, alisema Mzee Sulle, akihema. Na nyie sukumeni vizuri huko nyuma, msije mkanidondoshea mkwe!