Rubani wa Waliolala

Sogeeni, wanangu. Rumena, kaa hapa kitandani. Ognyan, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, vuta kiti. Mashine hii ya hewa ina sauti kuliko mimi, kwa hiyo msinikatize, maana pumzi ikinipotea kuirudisha ni kazi. Daktari alinong'ona nanyi kule jikoni akidhani sisikii. Nilisikia. Hilo siliogopi. Ninachokiogopa, kinachonishtua kila nikisinzia, ni kwamba Jumatatu wachapaji wanawasha mitambo, na ile karata bado iko vilevile.

Kwanza mali, msije mkagombania makabati. Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake kuridhia. Mashine ya kukatia karatasi ni ya Ognyan, kwa kuwa ndiye anayejua kuibembeleza inapogoma. Michoro ya mama yenu, ya sayari na vyombo vya anga na wale watu wenye macho ya fedha, achukue Rumena, aitunze, isikunjwe wala isipigwe na jua. Na mchezo wetu wa karata wenyewe, Jua la Mwisho, msiugawe.

Ulipoanza mlikuwa wadogo. Walipofunga karakana ya meli hapa Ruse, mimi mchora meli nikabaki nachora meli ambazo hakuna wa kuziunda, na mama yenu Stoyanka akaniambia, "Mladen, kama mto Danube hauzitaki, si uzipeleke angani?" Yeye alikuwa anatania; mimi nilichukua mkasi. Tukakata maboksi ya viatu, tukaandika kanuni, tukafuta, tukaandika tena, tukacheza asubuhi kabla ya kahawa, na aliyeshindwa ndiye aliyetumwa kununua mtindi. Watu wa jua linalozimika, kila mmoja na kundi lake la vyombo, wanatafuta pa kwenda: mchezo wote ni huo. Na chombo kikiungua, kimeungua. Ndiyo maana watu walikuwa wakifikiri mara tatu kabla ya kuweka karata mezani.

Rafiki yangu Dimo tulikuwa tukiutengeneza mchezo naye tangu maboksi yale. Siku moja akaja na hoja yake: "Bwana wee, watu wananunua nguvu. Kila toleo lazima lilipige lililotangulia." Nikamuuliza, "Na mtu aliyenunua karata zetu mwaka jana azifanyie nini?" Akasema, "Azitupe!" Akahamia Sofia, akatoa mchezo wake mwenyewe, karata zikazidi kuwa kali hadi mtu akawa anashinda kabla mwenzake hajakaa vizuri, na wachezaji wakamkimbia. Hatujasemezana tangu hapo. Kinyongo ninacho, sikifichi, ila sitaki kwenda nacho.

Sasa ile karata, Rubani wa Waliolala. Mchoro wake ndio wa mwisho wa mama yenu: mwanamke mzee, kichwa wazi, ameshika usukani, na nyuma yake abiria wamelala ndani ya barafu. Alipofariki, nyinyi mkampa rubani huyo nguvu ya kurudisha vyombo vyote vilivyoungua. Vyote! Msidhani sijui kwa nini. Lakini siku ya majaribio mlinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi ukumbini, nikamwona Bilyana, yule msichana wa Silistra anayeupenda mchezo wetu kuliko chakula, akiiweka karata hiyo mezani. Kila alichopoteza kikarudi. Mpinzani wake akatazama, akakusanya karata zake, akasema, "Haya, umeshinda," akatoka nje kuvuta sigara. Bilyana mwenyewe hakufurahi. Alinijia akaniuliza, "Mzee, sasa kuna haja gani ya kuwa mwangalifu?"

Swali hilo linanikaba kuliko mapafu.

Nilipowaambia, wewe Ognyan ulinijibu, "Baba, hiyo ni karata ya mama. Mimi simpunguzi mama." Ukabamiza mlango. Mwanangu, mama yako aliugua majira yote ya baridi na hakurudisha kitu hata kimoja, alichagua tu. Akipata nafuu kidogo alikuwa anasema, "Nipeni brashi, supu baadaye." Huyo ndiye aliyeshika usukani pale. Mkiiacha karata hivyo, wataipigania, watashinda nayo, watachoka, halafu uso wa mama yenu utakuwa uso wa karata iliyoua mchezo. Hilo ndilo mnalolitaka? Rumena, usilie. Au lia, lakini sikia.

Mkishanizika, chemsheni ngano kama desturi, na kwenye tangazo la kifo la mlangoni msibandike ile picha ya pasipoti, ninaonekana kama mwizi wa kuku. Dimo akija, apewe kiti na glasi ya rakia, asiulizwe kitu. Rumena, usimjibu kila anayetukana mtandaoni. Ognyan, uwe unakula. Na toleo lolote lisitoke kabla nyinyi wawili hamjalicheza mkitazamana, hadi aliyeshindwa aombe kurudia.

Ngojeni... hewa.

Ognyan, unatafuta nini kwenye droo? Kalamu? Unaandika nini hapo... Isome wewe, macho yangu yana ukungu. Kwa sauti, baba.

"Rudisha chombo kimoja. Vingine vyote viondoke mchezoni."

Kimoja. Eeh. Na mchezaji ndiye achague kipi... Atateseka hapo. Atakaa, ataangalia, ataweka mkono, ataurudisha. Rumena, wasemaje? Usiitikie kwa kichwa tu, sema... Haya. Basi mmekubaliana.

Mungu awape mikono mizima, na meza isiyokosa watu. Mkikosana, mkosane ndani ya chumba kimoja. Nawabariki... nyote, pamoja na... na watakaokuja kucheza.

Ognyan, wachapaji usiwapigie simu, hawapokei. Nenda mwenyewe, leo hii. Rumena atabaki, anishike mkono. Vaa koti... Kimbia, mwanangu, kabla hawajafunga. Nitajitahidi kukungoja.