Mtungi wa Mlangoni: Risala ya Wanachuo wa Kitoni

Mgeni wetu rasmi, Bwana Liwali Awadh bin Muhsin. Mwalimu wetu, Mwalimu Muhidini bin Kombo. Baba zetu, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia: assalamu alaykum. Wakubwa wote, shikamoo.

KARIBU

Sisi wanachuo wa Kitoni, thelathini na mmoja, tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama. Kutoka Chole ni kuvuka maji, kisha kupanda punda hadi huku karibu na Bweni, na punda wa njia hii tunawajua kwa ubishi. Kwa hiyo ahsante ya kwanza ni ya mgongo wako.

Tangu habari ya safari yako ilipofika, Mwalimu hatulii kwa furaha. Amepaka ukuta chokaa kwa mkono wake mwenyewe. Ametukagua kucha mara mbili. Akasema, "Wanangu, Bwana Liwali haendi kila chuo. Ametuheshimu." Tukanyamaza kimya. Sababu ya kunyamaza tutaieleza mbele.

CHUO CHETU

Mwalimu alianza kusomesha mwaka wa pili baada ya Wadachi kupandisha bendera yao Chole. Alikuwa na watoto wanne, ukumbini kwake. Leo kati ya baba zetu waliokaa hapa, tisa walisoma kwake. Tunaandika kwenye mbao kwa wino wa masizi. Aya ikishakaa kichwani, tunaosha ubao, na maji yake tunayamwaga chini ya mkomamanga, mahali pasipokanyagwa.

ILIYOTUPATA

Mwaka huu, baada ya mfungo, mwenzetu Jumanne bin Ussi alirudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, kisiwani Shungimbili. Alikuwa huko na baba yake majuma sita, na sura aliyokuwa ameihifadhi ilikuwa imemtoka yote. Mwalimu akamwambia asome. Akagugumia. Sisi tukacheka, na hilo ndilo kosa la kwanza, ni letu. Mwalimu akasema, "Kichwa chako kimeingia chumvi!" Jumanne naye akajibu, "Na samaki unaokula, nani anakuletea?"

Lo! Neno kama hilo halikuwahi kusemwa chuoni kwetu. Mwalimu akainua ufito. Jumanne akaudaka, akauvunja vipande viwili mbele ya macho yake. Mwalimu akashika ubao uliokuwa karibu, akautupa. Ulipiga mwimo wa mlango ukapasuka. Haukumgusa mtu, alhamdulillahi, lakini ulikuwa ubao wa babu yake Jumanne, na baba yake alisomea huo huo.

Siku ya pili hapakuwa na chuo. Siku ya tatu tulikuta mtungi mlangoni, na kata juu yake. Aliyeuweka ni Bi Mwanaharusi, mke wa Mwalimu. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya mkeka, sawa na sisi, si kwenye kiti chake. Ubao ulikuwa magotini pake. Alikuwa ameushona kwa kamba ya makumbi, tundu kwa tundu.

Akasema, "Jumanne, juzi jino lilikuwa likiniuma tangu alfajiri, na sikumwambia mtu. Wewe ulikuwa na haya, na hukumwambia mtu. Jino langu si kosa lako. Nisamehe." Jumanne alilia kwa sauti, akambusu mkono, na yeye akaomba radhi. Tulilia wengi. Hata wanaosema hawakulia, walilia.

TULIYOFANIKIWA

Tangu siku ile, sheria ya chuo ni moja. Mtu akipandwa na hasira, awe mwalimu au mwanachuo, huinuka kimya akaenda mtungini, akanawa uso na mikono, akakaa mpaka pumzi imtulie. Hakuna wa kumwuliza wala wa kumcheka. Baadhi yetu tuliigeuza kuwa hila ya kukimbia sura ngumu. Mwalimu akagundua, akaongeza kwamba anayerudi anaanzia aya ile ile aliyoiacha. Hila ikafa.

Mwezi wa kwanza Mwalimu alikwenda mtungini mara kumi na moja. Tulimhesabia, atuwie radhi. Mwezi uliopita alikwenda mara mbili. Ufito mpya haujakatwa. Na Jumanne, Bwana Liwali, amebakiza juzuu mbili kuhitimu, na anasomea ubao ule ule wenye mshono.

SHIDA ZETU

Makuti ya paa yameoza upande wa kibla. Mtungi una ufa, unavuja.

Shida ya tatu tumejitakia wenyewe. Bwana Liwali, barua uliyoipata, isiyo na jina, tuliandika sisi. Tuliiandika alasiri ile ile ubao ulipopasuka, tukiwa tumewaka, kila mmoja akitia neno lake. Tulisema Mwalimu anapiga watoto kila siku. Ni uongo. Tulisema hafai, aondolewe. Tukampa nahodha aliyekuwa akienda Chole, na chombo kikaondoka hasira zetu zikiwa bado zimo ndani yake. Tulipopatana na Mwalimu, barua ilikuwa imeshafika. Mjumbe wako alitunong'oneza kwamba unakuja kwa ajili ya barua hiyo, na kwamba mwalimu wa kumrithi Mwalimu wetu ameshatafutwa.

Wazee wetu hawakujua. Mwalimu hakujua. Anaisikia habari hii sasa hivi, pamoja nawe. Mwandiko wa barua ni wangu mimi ninayesoma, Hemedi bin Shaabani.

MAOMBI

Tunaomba makuti, kama yatapatikana. Tunaomba mtungi wa pili, maana watoto tumekuwa wengi na hasira hazipangi zamu.

Na tunaomba barua yetu. Tulitumia wino ule ule wa masizi, na juu tuliandika Bismillahi, kwa hiyo hatuwezi kuichoma wala kuitupa. Tumeteka maji safi kwenye sinia. Ukiridhia, tutaiosha mbele yako kama tunavyoosha mbao, na maji tutayamwaga chini ya mkomamanga. Utuachie Mwalimu wetu. Hatumtaki mwingine.

Mungu akupe afya, Bwana Liwali, akurudishe kwa watoto wako ukiwa na furaha, na wazee wetu awape subira na sisi.

Tena neno moja. Ukimwona Mwalimu anainuka sasa kuelekea mlangoni, tafadhali usimwite. Anakwenda mtungini. Tutamngoja.

Ni sisi watoto wake,
Wanachuo wa Kitoni